Hizi Pistoni Si Zangu

Maneno yalimkuta Bi Mizani dukani kwa muuza vipuri, mkono ukiwa bado juu ya kaunta. Alikuwa ametoka kumuuguza mama yake mzazi, hata vumbi la safari hajalikung'uta sawasawa, akaona apitie gasketi kabla ya kurudi gereji. Muuza vipuri, mtu wa utani siku zote, safari hii alimsalimu huku akipangusa rafu ambayo haikuwa na vumbi.

"Pole na mgonjwa," alisema. "Na pole na ile injini."

"Injini ipi?"

"Ya shemeji yako. Anasema umemuulia. Amepita hapa, amepita kwa mchonga vyuma, amepita kwa wapiga rangi. Anasema ulimlazimisha kufunga pistoni za ajabu, zikapasuka mlimani mbele za watu."

Bi Mizani aliiacha gasketi palepale kwenye kaunta akatoka bila kuaga.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata gereji, kwa tabia yake ya kupima kila pistoni kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuifunga, akiitafuta iliyo nzito kuliko nyingine hata kama imezidi kwa uzito wa punje ya mchele. Wengine walimcheka, kisha wakamletea injini zao. Gereji ilikuwa ya wawili, yeye na mumewe: mume miguu ya gari na breki, mke injini. Na katika injini alizofunga kwa mkono wake, hakuna iliyowahi kurudi ikiwa maiti.

Njia nzima alikuwa anakumbuka jinsi shughuli yenyewe ilivyoanza. Shemeji huyo, mtoto wa baba mkubwa wa mumewe, alikuwa mtu wa kupenda sifa kuliko chakula. Alikuwa na gari la mashindano ya kupanda mlima, na alikuwa amelinunulia turbo kubwa. Akaja gereji akitaka injini ifunguliwe na kujengwa upya, ila pistoni ziwe zilezile za kawaida, maana ndizo alizozizoea.

Bi Mizani alimwekea pistoni mbili mezani.

"Hii ni ya kusubu," alimwambia. "Wameyeyusha madini, wakayamimina kwenye kalibu, yakaganda. Haina ubaya. Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, utazeeka nayo. Hii nyingine ni ya kufua. Pande la madini limepashwa moto likagandamizwa mpaka likashikana. Turbo yako inashindilia hewa, na hewa nyingi ni mlipuko mkubwa juu ya kichwa cha pistoni. Ya kusubu itavunjika kama sahani. Ya kufua ikizidiwa itabonyea kwanza."

"Ya kufua," shemeji alisema akiigeuzageuza. "Imefuliwa kwa sabuni gani?"

Walicheka wote watatu, hata mumewe aliyekuwa ameegemea mlango.

"Ila ujue jambo moja," Bi Mizani aliendelea. "Ya kufua hutanuka zaidi ikipata joto, kwa hiyo lazima niiachie nafasi ndani ya silinda. Asubuhi, injini ikiwa baridi, utaisikia inagonga. Usiogope, na usikanyage mafuta. Ikipata moto itanyamaza yenyewe."

"Nimekuelewa, shemeji."

Ndivyo alivyosema, na mumewe alikuwepo. Bi Mizani alizichagua pistoni mwenyewe, akazipima, akaziwekea alama yake kwa ndani, nukta ndogo ya patasi, akafunga injini na kuiwasha. Iligonga, ikapata moto, ikatulia. Kesho yake zikaja habari za mama yake, akaondoka.

Sasa alimkuta mumewe ameinama kwenye gurudumu la gari jingine.

"Umesikia anayoyasema kaka yako?"

"Nimesikia."

"Ukamjibu nini?"

Mume aliendelea kukaza nati ambayo ilikwisha kukazika. "Mambo haya hutokea, mke wangu. Chuma ni chuma. Mama ametuita jioni nyumbani kwake, na kaka atakuwepo. Mwombe radhi kidogo tu, yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ni kaka yangu. Alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Unajua."

Akanawa mikono, akasema anakwenda kumwona mteja, akaondoka haraka kuliko mtu anayekwenda kumwona mteja.

Gari la shemeji lilikuwa pembeni, limefunikwa turubai. Hakuna aliyeligusa. Hilo nalo lilimshangaza Bi Mizani: injini imekufa na katika gereji nzima hakuna aliyetaka kujua imekufa kwa nini. Akavua shela ya safari, akavaa ovaroli, akaanza kufungua. Alifungua kwa hasira, lakini mikono ya fundi haina hasira, kila bolti ilikaa kwenye chombo chake kwa mpangilio wake.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilipotoka, alichungulia ndani. Pistoni moja ilikuwa vipande. Haikubonyea wala haikuyeyuka. Ilikuwa imekatika kama kigae kwenye kingo za ringi, zile pete zinazoizunguka, na vile vipande vilikuwa vimepanda na kushuka vikiikwangua silinda mpaka ukucha ukapata pa kuzama. Akaichomoa iliyokuwa nzima jirani yake, akaipindua. Tumboni ilikuwa laini, na mstari mwembamba ulipita katikati, pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Alama yake ya patasi haikuwepo. Akazichomoa zote na kuzipanga mezani. Hata moja haikuwa na alama.

"Hizi pistoni si zangu," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake.

Alikaa juu ya tairi. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa pamoja, na hapo ndipo uso ulipomwaka. Shemeji hakuwa na ujuzi wa kufunga hata plagi. Kazi kama hiyo isingefanyika popote ila humu gereji. Na mwenye ufunguo mwingine wa gereji alikuwa mmoja tu.

Jioni alikwenda kwa mama mkwe na ovaroli yake, mfuko wa turubai mkononi. Sebuleni walikuwa wamekaa kwa heshima zote: mama mkwe kwenye kiti chake, shemeji kwenye kochi kubwa miguu ameitanua, mume kwenye kigoda karibu na mlango.

Shemeji alisema kwa kirefu. Alisimulia mlima, watu waliopanga mstari, moshi mweupe, vicheko. "Mimi sikatai, shemeji yangu ni fundi," alimalizia. "Lakini fundi asiyekubali kosa ni hatari. Akisema tu kwamba zile pistoni zake hazikufaa, mimi nimesamehe."

Bi Mizani alimtazama mumewe. Mume alikuwa anatazama zulia.

Akasubiri. Alimpa mumewe muda wa kutosha kabisa wa kuwa mume.

Basi akafungua mfuko, akaiweka pistoni iliyovunjika juu ya kitambaa cheupe cha meza.

"Kitambaa changu, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Nitakifua, mama, na safari hii kwa sabuni." Akamgeukia mumewe. "Baba, mwambie mama hii ni pistoni ya nani."

Shemeji alianza kukohoa ili aseme jambo, lakini mama mkwe aliinua kiganja. Yule mama alikuwa amezaa wanne na alijua sura ya mtoto anayeficha.

"Sema," alimwambia mwanawe.

Mume akasema. Injini ilikuwa inagonga asubuhi. Rafiki za shemeji walimcheka kwamba gari lake linakohoa kama mgonjwa wa kifua, naye akaona aibu. Bi Mizani alipoondoka, kaka huyo alikuja gereji na pistoni za kusubu mkononi, akabembeleza, akakumbusha utoto, akasema mke akirudi hatajua, gari litakuwa kimya na mambo yatakwenda. "Nikazibadilisha. Zile za kwanza nimezihifadhi chini ya benchi, kwenye kitambaa."

"Na injini ilipopasuka?" Bi Mizani aliuliza.

"Nilidhani yatapita."

"Yatapita juu ya nani?"

Mume alivuta kigoda nyuma kidogo, kuelekea mlangoni.

"Shemeji, usilikuze jambo," mtoto wa baba mkubwa alisema, sauti imeshuka. "Zile nzuri si zipo. Zirudishe tu."

"Hazirudi." Bi Mizani aliigusa ile pistoni iliyovunjika. "Silinda zimekwanguliwa. Lazima zipanuliwe, na zikipanuliwa pistoni nilizokuchagulia zitakuwa ndogo, zitacheza humo kama kidole kwenye ndoo. Ulikuwa na kilicho bora ukakitoa kwa sababu ya vicheko, kisha ukazunguka mjini kunichafua, huku ukijua. Hilo la kujua ndilo siwezi kulimeza."

Mama mkwe alipumua. "Ni ndugu hawa. Tulimalize humuhumu."

"Mama, nakuheshimu. Lakini halikuanzia humuhumu. Nilisemwa dukani, nikasemwa kwa mchonga vyuma. Litamalizwa huko." Akamgeukia shemeji. "Njoo ulichukue gari lako. Popote utakapolipeleka, wakikuuliza pistoni gani, chagua mwenyewe. Mimi nimeshachagua mara moja."

Aliondoka bila kunywa hata maji.

Shemeji alituma watu wa kuvuta gari kesho yake, hakuja mwenyewe. Mume alifika gereji mapema, akafagia, akapanga spana za mkewe kwa ukubwa, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Bi Mizani hakumtazama. Alimwambia neno moja tu, kwamba dukani kuna watu wanaosubiri kusikia.

Mume alikwenda. Alirudi jua likiwa limepanda, shati limemlowa mgongoni.

"Nimewaambia," alisema. "Kwa muuza vipuri, kwa mchonga vyuma, mpaka kwa wapiga rangi."

"Umewaambia nini? Sema kama ulivyosema."

"Nimesema pistoni zako hazikuwa na kosa. Nimesema ulipokuwa hupo, tulizibadilisha, bahati mbaya zikapasuka."

Bi Mizani aliweka spana chini.

"Tulizibadilisha. Nani na nani?"

Mume alivua kofia yake.

"Nilizibadilisha," alisema mwishowe. "Mimi."

"Na bahati mbaya?"

"Haikuwa bahati."

"Haya, rudi ukawaambie hivyo."

Alisimama kidogo pale mlangoni, labda akingoja ahurumiwe. Bi Mizani alikuwa ameshainamia injini nyingine, anapima. Mume akavaa kofia yake, akatoka tena juani.