Kushoto Penye Mbwa Mkali

Begi la Bi Kijiko lilikuwa limefungwa tangu alfajiri, limekaa mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mwenyewe alikuwa ukingoni mwa kitanda, anakunja shuka lililokwisha kunjwa.

"Kwa hiyo umeamua," alisema Mama Vifungo kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa.

"Kesho naondoka, wifi. Si kwa ubaya. Mimi nimepikia shule nzima, sufuria zangu ng'ombe angeogea ndani. Leo nakaa hapa nangoja unishike mkono twende dukani. Kwani mimi mwali?"

"Mwali mwenye magoti hayo?"

Bi Kijiko alibana midomo asicheke. Marehemu mume wa Mama Vifungo alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na ni Mama Vifungo aliyemwita aje wazeeke pamoja, maana nyumba ya mtu mmoja hata mifuniko haigombani. Alikuja kwa furaha. Lakini kila alipofika kona ya kwanza, pikipiki zikipita huku na kule, miguu ilimkatalia, akarudi ndani.

"Basi sikia," alisema Mama Vifungo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe sina. Kaniletee uzi mweusi kwa muuza nyuzi. Ukiuleta, unafungua begi. Usipouleta, begi nakubebea mwenyewe mpaka stendi."

"Na nikipotea?"

"Usikimbie. Anayekimbia hupotelea mbali. Wala usimuulize njia mtu aliyesimama, huyo naye anatafuta kwao. Muulize aliyekaa. Haya: nyoosha mpaka penye mbwa mkali, pinda kushoto. Pita geti la kijani. Ukifika duka la magodoro, muuza nyuzi yuko nyuma yake."

Bi Kijiko alitoka akiisema njia kimoyomoyo kama dua. Alivuka kona ya kwanza kwa kujibanza nyuma ya mama mmoja mwenye mwili wake, akasonga mbele akitega sikio. Hakubweka mtu wala mbwa. Jasho likaanza kumtoka. Pembeni alikaa fundi viatu, kiatu mapajani, misumari mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Samahani, mbwa mkali yuko wapi?"

Fundi aliitema misumari kiganjani. "Mbwa mkali? Mama, yule alikufa mimi sijaota ndevu." Ndevu zake zilikuwa nyeupe pe. "Umetumwa na Mama Vifungo, siyo?"

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anapinda penye maiti ya mbwa?" Alicheka mpaka kiatu kikamwanguka. "Kaa kwanza, upumzike. Yule mbwa alimrarua mume wake suruali siku ya posa. Akaingia ukweni kajifunga koti kiunoni."

"Kaka yangu?" Bi Kijiko alikaa. Miaka yote hiyo, kumbe ile suruali haikuraruliwa na msumari kama kaka yake alivyodai.

Geti la kijani nalo lilikuwa jeupe. Kinyozi aliyekaa kizingitini alimhakikishia kwamba ndilo, akamwita mkewe aje amwone dada wa marehemu. "Pua ileile," alisema mke wa kinyozi, akamsindikiza mpaka duka la magodoro, ambalo sasa lilikuwa duka la dawa. Muuza nyuzi alipomsikia anauliza magodoro, alichukua uzi mweusi hata kabla hajaagizwa.

Jioni Mama Vifungo alikuwa amesimama dirishani, shingo nje kama kobe. Alipoona wifi yake anakuja polepole, anapungia mtu huku na kumjibu mwingine kule, alirudi haraka kwenye cherehani akajifanya anashona.

"Wewe mwanamke," alisema Bi Kijiko, akiutupa uzi mezani. "Mbwa amekufa, geti limepakwa rangi, magodoro yamegeuka vidonge."

Mama Vifungo aliacha kukanyaga cherehani. "Ndiyo, hata mbwa alikufa," alisema taratibu. "Unajua mimi bado nampita nikiwa upande wa pili wa barabara?"

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Mama Vifungo akashika mbavu na Bi Kijiko akatafuta pa kukaa. Pa karibu palikuwa juu ya begi, akalikalia.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mpangaji mpya wa chumba cha pili, ndoo mkononi. "Samahani, mama zangu, duka la dawa liko wapi?"

Mama Vifungo alifungua mdomo, lakini wifi yake alimwahi.

"Nyoosha, mwanangu," alisema Bi Kijiko, huku akiinama kufungua zipu ya begi. "Ukifika penye mbwa mkali, pinda kushoto."