Kahawa Uani kwa Kunigunda

Mkutano wa kijiji uliitwa saa nne ili orodha ya kaya zisizo na uwezo isomwe mbele ya watu. Kaya itakayopitishwa, Serikali inailipia bima ya afya. Mimi ni afisa maendeleo wa kata, nilisimamia. Festo, mdadisi aliyepita nyumba kwa nyumba, mtu wa Shinyanga, alisoma majina. La Kunigunda halikuwemo.

Kunigunda ni mjane. Binti yake Luisa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwezi ule alikuwa amelazwa mara mbili Mbinga mjini.

"Kwa nini hayumo?" nikauliza.

Festo akafungua dodoso. "Ana kahawa, mama. Niliikuta uani, vichanja vinne vimejaa. Mwenye mazao ya kuuza kiasi hicho hapiti."

"Ulimwuliza kama ni yake?"

"Nilimwuliza, 'Mama, kahawa imekubali mwaka huu?' Akasema, 'Tunamshukuru Mungu.'"

Watu wakacheka. Huku Umatengoni hakuna mwanamke atakayemwambia mgeni kwamba hana kahawa. Afadhali aseme hana chumvi. Uani kwa Kunigunda kunapiga jua kutwa, na kila msimu Egidi, jirani yake wa bondeni, huanika pale. Kijiji kizima kinajua. Egidi alikaa mbele, na jina lake lilikuwa limeshasomwa, namba kumi na mbili: hana mazao ya kuuza.

Nikamtazama. Akatazama viatu vyake.

"Kunigunda, simama. Kahawa ni ya nani?"

"Mama Sekela, niache. Ipo tu."

Asingemtaja. Luisa akilazwa, mke wa Egidi ndiye hubaki na wadogo zake.

"Sawa. Kama haina mwenyewe mwingine, ni yako. Kesho nakuja na magunia, tunaipima, unauza, unajilipia bima. Festo, andika."

Festo akaanza kuandika kweli.

"Aa! Subiri, subiri!" Egidi alikuwa amekwisha simama. "Ile ni yangu!"

"Kumi na mbili, kaa chini!" bibi mmoja akapiga kelele.

"Kahawa imepata baba!" mwingine akadakia.

Hiyo haikutosha. Utaratibu unataka mkuu wa kaya atamke mwenyewe, mkutano usikie.

"Sema," nikamwambia Kunigunda.

Akajifunga khanga upya. Baba yake alikuwa na miti elfu mbili ya kahawa.

"Sina kahawa."

"Huko nyuma hawajasikia."

"Sina kahawa! Sina hata mti mmoja!"

Mikono ikanyooshwa, akapitishwa. Egidi akafutwa. Mkewe alikuwa ameshaondoka, hakumsubiri mtu.

Kunigunda alitia saini, akarudisha kalamu bila kunitazama.

"Umenidhalilisha, Mama Sekela."

"Ndiyo," nikasema. "Kliniki ya Luisa ni Alhamisi. Kabla ya hapo niletee picha zake mbili ndogo za kadi ya bima, na ziwe za mwaka huu."