Nakala ya Jana

Kwenye skrini, nukta ya kijani ya ambulensi ilikuwa imefika Kangemi, na badala ya kunyoosha na Waiyaki Way kuja mjini, ikakata kulia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Debra, kikombe cha chai mkononi, sina shughuli yoyote pale ila kunyoosha miguu. Nikaitazama ikiingia barabara ya Kawangware, ikiteremka taratibu kama mtu anayejua aendako.

"Hiyo inaenda wapi?"

"Kabiria," Debra akajibu bila kugeuka. "Mama wa kujifungua, ametoka Uthiru. Anavuja damu vibaya. Anahitaji thieta, apasuliwe."

"Thieta ya Kabiria imefungwa."

Sasa aligeuka. "Mashine imesema iko wazi. Si uangalie."

Niliangalia. Mbele ya jina la hospitali ile ndogo, neno lilikuwa WAZI. Asubuhi hiyohiyo, kwa vidole vyangu hivi, nilikuwa nimelifuta neno hilo na kuandika IMEFUNGWA.

Ni miaka minne sasa. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikiandika programu katika kampuni ya kupokea simu za ambulensi, ghorofa ya saba, Upper Hill. Mtu akipiga simu, Debra na wenzake waliandika shida yake, programu yetu ikachagua hospitali ya karibu inayoweza kumhudumia, kisha ikampa dereva njia. Ilijuaje hospitali ipi ina nini? Kwa faili moja tu la maandishi, refu kama orodha ya harambee: jina la hospitali, vitanda, oksijeni, thieta, wazi au imefungwa. Mtunzaji wa faili hilo nilikuwa mimi.

Kulisoma faili zima kila simu inapoingia kungechelewesha kazi. Kwa hiyo programu ililisoma mara moja, ikaweka nakala kichwani mwake, ikawa inaitumia hiyo mpaka faili libadilishwe. Mwaka uliotangulia, mtu alikosea kuandika, programu ikalimeza faili bovu na kuzimika mchana kutwa, simu zikilia bila wa kuzijibu. Baada ya siku ile nikaandika kanuni: faili jipya likiwa na kasoro, likataliwe, na programu iendelee na nakala ya mwisho iliyokuwa nzima. Musembi, mkubwa wangu kazini, mtu asiyesifu ovyo, aliisoma kanuni ile mara mbili, akasema, "Sasa hata tukilala, tuko salama." Nililitunza neno lake moyoni kama cheti.

Jumanne ile, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, muuguzi aitwaye Peres alipiga simu kutoka Kabiria. Mashine yao ya nusukaputi ilikuwa imeharibika. Wasipelekewe mtu wa kupasuliwa hadi Ijumaa. Nikafungua faili, nikafuta, nikaandika, nikahifadhi. Nikasoma tena: IMEFUNGWA. Sikuona kwamba katika kufuta nilikuwa nimefuta pia alama ya kufungia neno, kijidoa kisichozidi mguu wa nzi. Programu ilikiona. Ikalikataa faili langu, kama nilivyoifundisha, ikashikilia nakala ya jana.

"Mpigie dereva!" nikamwambia Debra.

Dereva alikuwa Lenox. Simu yake ilikuwa inatumika. Tukapiga tena, inatumika. Tulikuja kujua kwamba alikuwa akiwapigia watu wa Kabiria, awaambie waandae thieta, na hakuna aliyepokea.

Nilikimbilia mezani kwangu. Nikaiona kasoro mara moja, jinsi mtu anavyoona ufunguo baada ya kuvunja mlango. Nikaweka ile alama, nikahifadhi. Programu ikalisoma faili upya kabla sijapepesa jicho, na kwenye skrini zote neno likageuka: IMEFUNGWA. Kila kitu sasa kilikuwa sahihi. Na nukta ya kijani, iliyokwisha kupewa njia yake, ikaendelea kuteremka kuelekea Kabiria.

Ilisimama langoni dakika nne. Kisha Lenox mwenyewe akapiga.

"Nyinyi mmenileta wapi? Soja wa langoni anasema hapa hakuna thieta tangu asubuhi!"

"Njoo hospitali ya rufaa," Debra akasema. "Hapa chini yetu. Njoo tu, Lenox."

"Na hii jam ya magari?"

Nyuma ya sauti yake nilisikia mwanamume akimwambia mgonjwa, "Mwihaki, niangalie. Niangalie mimi." Simu ikakatika.

Nilikuwa najua lugha tano za kompyuta. Hakuna hata moja iliyoweza kusogeza lori lililokuwa limelala katikati ya barabara mbele ya Lenox, chanzo cha ile jam. Nukta ilisimama, ikapiga hatua moja, ikasimama. Musembi alikuja akasimama kando yangu, mikono mifukoni. Debra alikuwa akipokea simu nyingine, kwa sauti ileile ya upole, maana watu hawaachi kuugua kwa sababu wewe umekosea.

Nilishindwa kuendelea kutazama. Nikashuka ngazi ghorofa zote saba, nikavuka barabara, nikasimama kwenye lango la hospitali ya rufaa kati ya watu wenye chupa za uji na blanketi, kama jamaa wa mgonjwa. Nilisimama hivyo karibu nusu saa. Ambulensi ilipoingia hatimaye na milango ikafunguliwa, niliona mguu mmoja tu wenye soksi ya kijivu, na mwanamume aliyekimbia kando ya machela ameushika mguu huo kwa mikono miwili.

Mama waliweza kumwokoa. Mtoto hawakumkuta hai.

Ripoti ya kampuni ilisema "hitilafu ya mfumo". Musembi alinivuta pembeni. "Nasimiyu, dada yangu, usiende kuwatafuta hao watu. Wakili amesema." Alikuwa mtu mwema, na macho yake hayakunitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzisoma kumbukumbu za programu, mahali inapoandika kila ilifanyalo. Mstari ulikuwapo, wa saa mbili na dakika kumi na nne: faili jipya limekataliwa, natumia nakala ya zamani. Ilikuwa imesema. Ila sikuwa nimeifundisha imwambie nani.

Wiki ya sita nilikwenda. Lenox alinielekeza nyumba, Uthiru, juu kidogo ya barabara. Mwihaki alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharagwe kwenye uteo. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Pengine tulikuwa rika. Nilimwambia jina langu na kazi yangu. Nilimweleza habari ya faili, ya nakala, ya ile alama. Nilijisikia nikieleza vizuri, na nikajichukia kwa hilo.

Aliendelea kuchagua. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Na hiyo mashine, ilijua?"

"Ilijua. Iliandika."

"Iliandika wapi?"

"Mahali ambapo hakuna mtu husoma."

Vidole vyake vikasimama. "Hata mbwa akiona mwizi hubweka," akasema polepole, bila hasira, kana kwamba alitaka tu kuelewa. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba msamaha, nimeyapanga njia nzima. Hayakutoka. Akarudi kwenye maharagwe yake, na mimi sikujua kama nimeruhusiwa kuondoka au kubaki.

"Alikuwa msichana," akasema baadaye. "Wa kwanza."

Hapo mama mmoja wa makamo akatokea nyuma ya nyumba, jembe begani, gunia dogo la viazi mkononi. Akanitazama, akamtazama Mwihaki.

"Na huyu ni nani?"

Nilingoja. Mwihaki alichambua punje moja mbovu, akaitupa mbali uani.

"Ni mgeni, mama."

Uso wa yule mama ukachangamka. Akaweka jembe chini, akanijia.

"Karibu sana, mgeni wetu. Mimi ni Waithera, mama ya Kinyanjui, bwana wa huyu."

Kwao, msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Sikuwa na haja ya kuuliza mtoto angeitwa nani. Alininyooshea mkono, nikaupokea. Ulikuwa na udongo mbichi wa shambani, na akaniomba radhi kwamba amenichafua.