Jiwe Kwenye Ubeti wa Pili

Usiku wa jana niliota, na kitu cha kwanza nilichokiona ni punje moja ya mchele iliyokuwa ikitingisha kichwa, mbele na nyuma, peke yake katikati ya mchele uliojaa ungo wangu.

Nilikuwa nimekaa mahali pangu pa kila siku, kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara, ninapochambua mawe na chuya. Punje ya mchele haina kichwa. Lakini hii ilikitingisha.

"Unakubali nini?" nikaiuliza.

"Mdundo," ikasema. "Wewe huukubali?"

"Mimi natoa mawe tu."

Punje zikaangaliana. Kisha mchele wote ukaanza kutingisha vichwa, nami nikaona aibu kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyetulia.

Nieleze kidogo. Mdogo wangu Fidelis anachana. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa anashinda na wenzake wanaoimba kwa kuongea haraka juu ya ngoma, na leo saa kumi jioni anaingia studio kurekodi wimbo wake wa kwanza. Wiki nzima amekuwa akiniomba niusikilize. Aliniambia jambo moja tu: "Dada, ubeti wa pili unakuhusu wewe." Tangu siku hiyo, kila akianza kuchana naondoka kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Nasema ni kelele. Nasema chakula kinaungua. Mara moja nilisema chakula kinaungua na hatukuwa tumepika.

Basi, ndotoni, mashine ya kukoboa ikajizima yenyewe na kukohoa kidogo.

"Redempta, unaitwa."

"Na nani?"

"Na Spika. Futa pumba usoni kwanza."

Najifuta. Ninapoondoa mkono usoni, mashine haipo. Nimekaa kwenye dawati la darasa la tano, magoti yananibana, na mbele ya ubao amesimama Spika. Ni spika la muziki, mweusi, mrefu kama kabati, na amevaa koti la mwalimu. Mezani kwake kuna sanduku la bati lililo wazi, na kando yake kufuli.

"Saa kumi wimbo unafungwa," Spika anasema. Kila anaposema kifua chake kinatetemeka na chaki zinaanguka. "Ukishafungwa haufunguki. Kilichomo kitabaki humo, na watu watakiimba harusini, sokoni, kila mahali."

"Mimi inanihusu nini?"

"Ubeti wa pili. Kama kuna kosa ndani yake, ni wewe pekee unayeweza kulisikia. Usiposikiliza, utaimbwa hivyo hivyo."

"Nitaimbwa mimi?"

"Hivyo hivyo," kufuli linasema, kwa upole.

Natazama saa ya ukutani. Inaonyesha saa kumi kasoro. Haionyeshi kasoro ngapi.

"Huwezi kuingia kwenye ubeti hivi hivi," Spika anaendelea. "Pita juu ya mdundo."

Nikatazama chini. Sakafu ya darasa ilikuwa imebaki mbao nne tu, na chini yake hakuna kitu. Ubao wa kwanza ulisema du. Wa pili ukasema pa. Wa tatu du, wa nne pa. Kisha zikaanza upya, bila kuchoka na bila kunisubiri.

Nikaweka mguu. Nilichelewa, na ubao wa pili ukanipiga kofi la unyayo.

"Samahani," nikasema.

"Usiombe samahani, wahi," ukasema ubao wa pili.

Nikajaribu tena, nikawahi mno. Nikapigwa tena. Saa ya ukutani ikaguna.

"Binti," ubao wa nne ukaniambia, "ukiwa unatwanga huwa unautazama mchi?"

"Hapana."

"Sasa mguu unautazamia nini?"

Nikaacha kuutazama. Nilivuka mara moja, na upande wa pili nikakuta mlango wenye foleni.

Waliopanga foleni walikuwa maneno. Waliingia wawili wawili, wameshikana mikono, wale wanaofanana miisho. Jiko aliingia na Mwiko. Kamba aliingia na Shamba, wakigombana. Pembeni alikaa Skrubu, peke yake, macho mekundu.

"Mimi niko hapa tangu asubuhi," akasema. "Wanasema sina mwenzangu."

"Kuna Sulubu," nikamwambia.

Sikujua nimelitoa wapi. Sulubu akajitokeza nyuma kabisa ya foleni, amebeba gunia, wakashikana mikono. "Asante, dada," akasema Skrubu, wakaingia. Nikabaki nimeshika mdomo. Nilikuwa nimefanya kitu ambacho Fidelis hukifanya siku nzima, na ambacho mimi hukiita kelele.

Nami nikaingia.

Ndani ni mashineni tena. Fidelis amesimama pale juu mpunga unapomiminiwa, amevaa sare yake ya shule ya msingi ingawa ndevu zimemuota. Ananitazama, anavuta pumzi, anaanza ubeti wa pili.

Maneno yanatoka chini ya mashine kama mchele, mengi, ya moto. Ninakinga mikono. Ninakamata moja, mia yanapita. Ninakamata jingine, lile la kwanza limeshaanguka. Hali hii naijua. Hivi ndivyo ilivyokuwa tuliposoma kwa sauti darasani: wenzangu wako mwisho wa ukurasa, kidole changu bado kiko kwenye neno la kwanza. Kusoma nilijifunza baadaye sana, kwenye magunia na karatasi za kufungia vitu, ambako hakuna anayeniharakisha.

Ubeti ukaisha. Sikuwa na kitu mkononi.

"Hivyo hivyo?" kufuli likauliza kutoka mbali.

"Subiri," nikasema.

Ungo wangu, ambao sikumbuki niliuchukua saa ngapi, ukanigusa goti. "Redempta, ukiwa kazini unakamata punje moja moja?"

"Nikifanya hivyo gunia moja litanichukua mwaka."

"Unafanyaje?"

"Napepeta. Nasikiliza. Mchele una sauti yake, jiwe lina yake."

"Sasa hapa kinachokushinda ni nini?"

Ni kweli. Pale mashineni mama Tekla, mzee wetu wa kazi, huniletea ungo alioumaliza yeye ili niupepete mara moja tu, nimefumba macho, nimwambie kama ni safi. Sijawahi kukosea. Ni kitu pekee ambacho watu hunisifia, nami huinama nikijifanya natafuta kanga.

Nikafumba macho. "Fide, rudia."

Akarudia. Safari hii sikukamata neno lolote. Niliyaacha yaanguke, na nikasikia mahali anapovuta pumzi. Nikasikia anavyolichelewesha neno nyuma ya mdundo kidogo tu, kama mtu anayetembea taratibu kwa sababu anajua kwao chakula kimewekwa. Nikasikia maneno yakigongana kwa makusudi na kuachana bila kuumizana. Ubeti ulikuwa mzuri. Iliniuma kuwa ulikuwa mzuri, kwa jinsi nilivyousema vibaya wiki nzima.

Kichwa changu kikatingishika, mbele na nyuma. Sikukizuia.

"Rudia tena."

"Dada, sauti inakwisha," akasema Fidelis.

"Mara ya mwisho."

Saa ya ukutani ikaanza kuhesabu, lakini ilihesabu kwa mdundo. Fidelis akavuta pumzi na kuchana mara ya tatu. Mchele, mchele, mchele. Kisha:

*Watoto wawili, kalamu moja, sare moja,*
*dada akasema nenda wewe, mimi nitangoja.*

Tik.

Nikafumbua macho. Jiwe lilikuwa kwenye ungo, dogo, jeusi, kati ya maneno yote meupe.

"Umesikia nini?" Spika akauliza. Alikuwa nyuma yangu, na mashine ilikuwa darasa tena, na madawati yote yalikuwa yamegeuka kunitazama.

"Kuna jiwe."

"Wapi?"

"Kwenye nitangoja."

"Hukusema hivyo?"

"Watu ndio waliosema hivyo. Mimi nilinyamaza."

"Mwambie mwenyewe."

Fidelis alikuwa pale, hatua mbili, amening'iniza mikono, anangoja. Nikafungua mdomo. Zikatoka pumba. Nikajaribu tena, zikatoka pumba nyingi zaidi, zikamfunika viatu, kisha magoti. Hakusogea. Mfuniko wa sanduku ukaanza kushuka.

"Nifunge?" kufuli likauliza.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Fidelis alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, akisukutua koo kwa maji ya moto na chumvi. Akatema nje.

"Shikamoo, dada." Sauti ilikuwa mbovu, kama ya jogoo mgonjwa. "Tazama balaa hili. Jana nimelala mzima, leo nimeamka koo limekwaruzika. Na saa kumi ndiyo hiyo."

"Marahaba," nikasema. Nikakaa kitandani. "Fide, ule ubeti wa pili. Lile neno nitangoja, litoe."

Akashusha kikombe.

"Nani kakwambia? Ubeti wa pili sijamchania mtu. Hata wenzangu hawaujui. Nilitaka uusikie wewe kwanza."

Nikashusha miguu sakafuni.

"Sikuacha shule ili wewe usome," nikamwambia. "Sare ilikuwa moja, hiyo ni kweli. Lakini mimi niliacha kwa sababu mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya darasa, nikasimama mpaka kengele, sikujua hata neno moja."