Siku Sita Bahari Ilipofungwa

Kimbunga kilipokwisha tulihesabiana kanisani, tukakosa mtu mmoja tu: mama yangu. Watu wakasema Mungu mkubwa, ni mmoja tu. Semeni nyie. Huyo mmoja hakuwa mama yenu.

Tulimkuta kwenye shamba la magimbi, mnazi umemwangukia. Alikuwa ametoka kwenda kuziba mfereji ili maji ya bahari yasiingie. Miaka sitini alilima tope lile! Na maji yaliingia vilevile. Magimbi ya kisiwa kizima yakaoza, mashelisheli yakapukutika mabichi kwa mabivu, nazi zikachukuliwa na mawimbi, visima vikawa vya chumvi. Chakula cha kutegemea kikabaki samaki.

Na kwetu mtu akifa, samaki hawaguswi. Bahari inafungwa. Hakuna ngalawa kutoka, hakuna nyavu, hata mtoto haruhusiwi kuchokoa pweza mwambani, mpaka wafiwa waseme basi. Kwa mwanamke wa heshima kubwa kama mama, ni miezi mitatu. Na neno la wafiwa analo binti mkubwa. Yaani mimi.

Mjomba Yangilmau, ndiye chifu wetu, alikuja baada ya maziko akakaa mchangani, pale ilipokuwa nyumba yetu.

"Ilemai, mwanangu," akasema, "redio inasema meli ya chakula itafika baada ya wiki mbili. Labda."

"Nimesikia."

"Marehemu ni dada yangu. Sijaja kukulazimisha."

"Basi usinilazimishe, Mjomba. Alipokufa Rulmal, mlevi yule, ambaye hakupanda hata gimbi moja maishani mwake, bahari mliifunga. Leo mama'ngu ndiye awe amezikwa kama paka?"

Mjomba aliinuka kwa shida, akaenda kutangaza kwamba bahari imefungwa. Nikaona nimemtendea mama haki yake, na nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya.

Hakuna aliyenung'unika. Kila asubuhi wanawake waliniletea chakula, kwa kuwa mfiwa hapiki: shelisheli la kuchoma, kijipande cha nazi. Mara nyingi mletaji alikuwa Ligorang, shoga yangu tangu utotoni, na mwanawe Sorim kiunoni, miezi mitano.

"Kula, mkaidi we," aliniambia. "Ukifa na wewe watatufungia mpaka hewa."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikala. Nilikula nikamaliza, wala sikuuliza kimetoka wapi.

Siku ya sita nilipita nyuma ya kanisa nikawakuta wanawake wanachemsha kitu kwenye sufuria. Nikafunua. Kilikuwa kigogo cha mpapai, kimekatwakatwa. Watoto walikuwa wamekaa kimya wakitazama moto, na watoto wa kwetu hawajui kukaa kimya. Ligorang alikuwa amempakata Sorim. Mtoto ameachia ziwa, halii. Pembeni yake kulikuwa na shelisheli moja limefungwa kwenye jani.

"Hilo la nani?"

"Lako, la nani mwingine? Nilikuwa nakuletea."

"Na nyie mnakula mpapai?"

"Aa, Ilemai, usituanzie. Kula, umlilie mama'ko."

"Maziwa je?"

Alijifunika kanga. "Yamekauka tangu juzi."

Jamani! Siku sita nimekula cha watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyenitazama kwa jicho baya. Nilikimbia mpaka kwa Mjomba, nikamwambia: "Fungua! Fungua sasa hivi!" Naye akawaita vijana papo hapo. Ngalawa tatu zilizosalimika zikatoka, na kabla ya adhuhuri zikarudi na pono na changu. Nilimpikia Ligorang supu mwenyewe, akanywa bakuli mbili, tukakaa tukingoja maziwa.

Yalirudi kesho yake. Lakini Sorim hakuwa tena na nguvu ya kunyonya. Tulimkamulia mdomoni tone kwa tone, yakamtokea pembeni. Jumapili, kabla ya misa, akafa.

Mjomba akaja akakaa mchangani kwa Ligorang, kama alivyokaa kwangu. Alianza, "Ligorang, mwanangu..."

"Isifungwe," Ligorang akamkatiza.

"Ni haki ya mtoto, mama."

"Najua haki yake. Isifungwe hata siku moja. Wenzake wapate kula."

Mtoto alikuwa bado miguuni mwake, hajaoshwa, na kifua chake mama mtu kimelowa maziwa. Mimi neno hilo lilinichukua siku sita. Nikapiga magoti nimwombe msamaha, nikashindwa hata kuanza, kilio kikanishika nikaanguka pale pale mchangani. Ligorang akanivuta akaniegemeza begani kwake. Yeye ndiye aliyefiwa, na yeye ndiye aliyekuwa akinibembeleza: "Nyamaza, Ilemai. Basi, nyamaza."