Kalamu Nyekundu ya Baba Mkwe

Kuwa na baba mkwe si shida, kila mke anaye. Shida ni baba mkwe huyo huyo awe mwenyekiti wa kamati ya shule unakofundisha. Hapo ndipo Persis aliponasa, mwaka wa 1994, katika shule moja ya msingi juu ya Ogembo, akiwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kuwaachia watoto waandike maneno wanavyoyasikia. Andikeni kwanza, aliwaambia, kurekebisha kutakuja. Nao wakaandika, jamani! Hata Mokeira, aliyemaliza muhula mzima bila kufungua kinywa kwa kuwa Kiswahili kilimtisha, siku moja aliinama akajaza ukurasa. "Igobe ya nyanya imerara cini," aliandika, "haitaki majani." Ng'ombe wa nyanya yake aliugua, na kumbe mtoto alikuwa na mengi moyoni. Persis alisoma, machozi yakamlengalenga. Akaandika chini yake: Pole, leo amekula? Kesho yake Mokeira akamjibu kwa ukurasa mwingine. Wakawa wanazungumza hivyo, na Persis hakutaka kingine chochote ila mazungumzo yale yasikatike.

Basi mwenyekiti akaja kukagua. Mzee Zachariah alikuwa mwalimu mstaafu, na kalamu nyekundu ilikuwa haijastaafu, ilikaa mfukoni mwa koti. Alipekua madaftari huku akiguna. Persis alisimama pembeni, macho sakafuni. Kuna chinsoni, ile heshima ya mtu na mkwewe: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hampi mkono, sembuse kubishana naye. Mzee naye hakumsemesha. Aliugeukia ubao, akauambia ubao kwamba humu watoto wanafundishwa upuuzi, na kuanzia wiki ijayo kila neno lililokosewa lipigwe mstari na liandikwe upya mara kumi. Ubao haukujibu. Persis aliyakusanya madaftari akayarudisha kwa watoto.

Angefanya nini? Jioni alimtuma mumewe. Jasper alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai cha Itumbe, mtu mpole, mpole hadi inakera. Persis alimpanga vizuri: mwambie baba kwamba nitawasahihisha, lakini polepole, maana mtoto mchanga wa kalamu ukimwonyesha makosa yote siku moja ataacha kusema. Usipunguze neno, alimsihi. Jasper akaenda, akamkuta baba yake anakunywa uji kwa raha zake, akaona si vizuri kumwaga raha ya mzee. Akasema, "Baba, amesikia."

Amesikia! Mzee akashukuru Mungu kwa kumpa mkaza mwana mwenye adabu.

Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alisimama akamwuliza Persis mbele ya watu wote kama ana lolote la kusema kuhusu agizo hilo. Lolote? Alikuwa na la kusema mpaka jua lizame. Lakini Mzee Zachariah alikuwa ameketi pale mbele, na kusema ilikuwa kumpinga, na kumpinga mkwe hadharani ni aibu ambayo wanawake wa boma wangeimba mpaka azikwe. Mgeni angesema si ajieleze tu. Ajieleze, halafu arudi kulala wapi? Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwa mzee, kwenye shamba la mzee. Mwenye nguvu mpishe. Persis alitazama viatu vyake, watu wakangoja, kisha wakapiga makofi wakidhani amekubali.

Mzee alimpelekea kalamu nyekundu mpya kwa mkono wa Jasper. Persis aliitumia. Alipofika kwenye daftari la Mokeira alipiga mistari hiyo hiyo, ukurasa wa ng'ombe ukawa mwekundu juu hadi chini.

Wiki iliyofuata Mokeira alileta kazi yake. Baba. Meza. Kiti. Baba. Hakukuwa na kosa hata moja. Mzee alipopita kukagua aliugeukia tena ubao, akauambia sasa hii ndiyo shule, akaenda zake. Persis alibaki ameshika daftari lile, roho ikimwuma asijue aililie wapi.

Watoto walipotoka alimwita Mokeira, akapiga magoti ili wawe sawa, akamwuliza kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, polepole, ng'ombe wa nyanya anaendeleaje.

"Alikufa," mtoto alisema.

"Lini?"

"Jumapili. Nyanya hali chakula."

"Mbona hukuniandikia, mama?"

Mokeira aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwa mwalimu wake.

"Sijui 'alikufa' inaandikwa aje," alisema.