Chai Isiyonuka Jiki

Ulikuwepo, usikane. Ulisimama pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki, wakati sufuria za mama mmoja zinamwagwa mchangani, ukageukia simu yako kana kwamba ndiyo kwanza inaita. Haikuita. Basi kaa chini, usikilize ulichokikwepa.

Nusrat ndiye mtunza maji wa mwalo ule, mbele kidogo ya kivuko cha Kamanga. Miaka na miaka watu wa pale walikunywa ziwa kama lilivyo, pamoja na kila uchafu liliotupiwa, wakazika watoto wao wakasema ni mapenzi ya Mungu. Ndipo ukaletwa mtambo. Ni kasha tu, halina maajabu. Unamimina ndani maji ya chumvi, chumvi hii hii ya kuungia mboga, umeme wa sola unapita kati ya mabamba mawili ya chuma, na yale maji yanageuka dawa ya kuua vijidudu. Dawa nyingine inaingia kwenye tangi la kunywa. Nyingine inarudi kwa mpira mwembamba hadi kwenye mdomo wa bomba, kule kule ndani ya ziwa, ili utelezi na konokono wasipate pa kushika. Nusrat alifundishwa kuutunza, akaelewa vizuri. "Mpisheni injinia," akina mama walimtania akipita, na yeye aliupenda utani huo kuliko alivyoonyesha.

Shida ilikuwa harufu. Dawa ile inanuka jiki kidogo. Kwa kunywa, watu walizoea. Kwa chai ya wageni, hapana. Kwenye harusi ya Rahim, ndugu yao, mjomba mmoja kutoka Mabatini, mjini, alionja, akakitazama kikombe, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Jamani, chai hii mmeipika au mmeifulia?" Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mama Rahim hakutoka jikoni tena siku ile. Nusrat naye alicheka, huku masikio yanamwaka moto.

Kwa hiyo bibi yake alipofariki na hitima ikakaribia, Muharami alimfuata kwenye kibanda cha maji. Huyu Muharami ni baba yake mdogo, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, wale wa Mabatini wanakuja tena."

"Nimesikia."

"Umesikia, halafu? Waje waifanyie mzaha chai ya hitima ya mama yangu? Zima hilo dude."

"Nikizima, hata kule ziwani bomba litaota ukoga..."

"Siku ya hitima tu! Kesho yake unawasha. Ziwa litakimbilia wapi?"

Alizima, akamwaga maji yote ya zamani, akajaza tangi mapya.

Chai ilisifiwa. Shekhe aliomba kikombe cha pili, na yule mjomba, kwa kukosa la kusema, akasingizia tangawizi imezidi. Na chai yenyewe haikumdhuru mtu, ilikuwa imechemka. Mabaya yalikuwa kwenye ndoo.

Kesho yake akina mama walikuja kuchota. "Leo umetuweza, injinia," alisema Suzana, jirani yake. "Maji matamu kama ya mvua. Acha hivi hivi, bwana." Mkono wa Nusrat ulikuwa umeshaelekea kwenye swichi. Ukarudi. Aliona haya kuwarudishia ile harufu wakati wanamsifu. Nitawasha kesho, alijiambia. Ile kesho ikasogea mbele, ikasogea tena. Maji yakaanza kutoka kwa kusuasua. Siku moja alipitisha kidole ndani ya mdomo wa koki, akakuta utelezi, akaupangusia kwenye khanga yake na kutazama kando.

Kisha watu wakaanza kuhara na kutapika. Zahanati ilijaa hadi kwenye baraza. Mtoto wa Suzana alilegea, hata kichwa hakuweza kukiinua. Mwalo huo ukafanya ulichokizoea: ukatafuta mgeni. Zamani, ugonjwa kama huo ulipoingia, walimfukuza muuza miwa kwa sababu alitoka mbali na hakuwa na ndugu. Ugonjwa ukaendelea bila yeye, na hakuna aliyemfuata kumwomba radhi. Nani analikumbuka jina lake? Safari hii zamu ilikuwa ya Agutu, mama wa Kijaluo kutoka Mara, muuza uji. Wote walimwita Mama Collins na wote walikuwa wakinywa kwake.

Walimkusanyikia mchana kweupe, kando ya vichanja vya dagaa. Luhaga, mnunuzi wa samaki, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa.

"Tangu huyu aje hapa hatuna amani! Uji gani ule unateleza hivyo?"

"Ulipokunywa vikombe vitatu kwa mkopo haukuteleza?" Agutu alimjibu. Wengine walicheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika. "Uji wangu unatokota mbele ya macho yenu. Mmeona wapi kilichotokota kikaleta kipindupindu? Ulizeni maji!"

Muharami alikohoa. "Maji yana mwenyewe. Nusrat, hebu waambie watu. Mtambo unafanya kazi?"

Alimkazia macho. Nusrat alijua kilichokuwa ndani ya macho yale: hitima, jina la ukoo, na neno injinia ambalo lingegeuka tusi.

"Unafanya kazi," alisema.

Agutu hakupiga kelele. Alimtazama tu. "Nusrat, mwanangu. Hata wewe asubuhi umekunywa uji wangu, na umesimama mzima."

Nusrat akainamia ndala zake. Ndipo sufuria zikamwagwa. Uji ulisambaa mchangani, kuku wakaukimbilia. Agutu aliokota vyombo vyake, akavipanga kichwani, akashika njia ya Kamanga.

Mchana ule ule Nusrat aliingia ziwani hadi kiunoni, akauvuta mdomo wa bomba juu. Haukuonekana. Ulikuwa umevikwa ukoga mzito wa kijani, konokono wamebanana humo, na harufu iliyotoka ilimfanya ageuze uso. Haya ndiyo niliyowanywesha, alifikiri. Alikwangua mpaka kucha zikauma. Akarudi kwenye kibanda, akaloweka mabamba kwenye siki mpaka ukoko mweupe ukatoka, akatia chumvi, akawasha. Viputo vidogo vikaanza kupanda.

Angeweza kuishia hapo. Aibu ina huruma ya ajabu kwa mwenye nayo: inakuruhusu utengeneze kimya kimya, halafu aliyeumia abaki na jina baya lililo lako.

Asubuhi Suzana alifika na ndoo, macho yamemvimba kwa kukesha zahanati. Akanusa. "Eh! Harufu imerudi. Kwani ilikuwa imeenda wapi?"

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Swali lenyewe halikuwa na ubaya wowote, na ndilo lililomshinda Nusrat.

"Niliuzima mtambo," alisema. "Tangu hitima. Chai isinuke. Halafu mkanisifu, nikaacha. Mama Collins hana kosa. Mwanao nimemuumiza mimi."

Muharami alikuwa ameshafika. "Nyamaza, mwanangu. Hayo yamepita."

"Hayajapita, baba mdogo. Nilidanganya mbele yako, na wewe ulijua."

Suzana aliweka ndoo chini. Kila mtu alidhani atampiga. "Usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilikwambia uache hivyo hivyo. Kamwambie yeye."

Nusrat alijifunga khanga kiunoni, akatoka. Luhaga aligeuka kuhesabu samaki wake. Muharami akachunguza mawingu. Foleni ikasogea hatua moja mbele, watu wakachota, maji safi haya, hakuna aliyetoka kumsindikiza.

Agutu yuko kwa dada yake Kamanga, anafunga mizigo avuke ziwa kwa feri leo, arudi kwao Mara. Akivuka, mwalo utabaki na ule uongo, na mgeni atakayekuja baada yake ataukuta unamsubiri. Nusrat yuko njiani peke yake, na neno la mtu mmoja aliyekwisha kudanganya halitoshi kumrudishia mama yule jina lake. Wewe ulisikia uongo ule. Uliona uji ukimwagwa. Inuka. Usimalize chakula, usitafute viatu vizuri. Mfuate, msimame wawili mbele ya Agutu, useme kwa kinywa chako kwamba ulikuwepo na ulinyamaza. Kisha mrudi naye. Nenda sasa.